Mwongozo kamili: Kukadiria umri wa ukoo wa nyani na sokwe kwa DNA na visukuku

Matokeo ninayoletewa niyakague hufanana sana. Kompyuta imemaliza kazi bila kulalamika, mti wa ukoo umetoka na rangi zake, na jibu linasema binadamu na sokwe mtu waliachana miaka milioni 14 iliyopita. Ukifuata kosa hadi chanzo, ni nadra kulikuta kwenye programu. Utalikuta kwenye kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Mwandishi amekumbuka somo la historia la kidato cha kwanza, akamchukua Kenyapithecus wa Fort Ternan au Ramapithecus, viumbe wa kale wa jamii ya sokwe, akampachika kwenye mstari wa binadamu kama kitabu kilivyosema. Programu haiwezi kujua kwamba kitabu kile kilishapitwa na wakati. Imepewa 14, imerudisha 14.

Ndiyo maana hatua ya visukuku hapa ni ndefu kuliko zote. Ukiikosea hiyo, hatua nyingine zote zitakupa jibu baya lenye sura nzuri.

Mfano tutakaoutumia ni kundi la Catarrhini. Upande mmoja wa kundi hili kuna nyani, tumbili, kima, mbega na makaka. Nitauita ukoo wa nyani. Upande wa pili kuna giboni, orangutani, gorila, sokwe mtu, bonobo na sisi wenyewe. Huo nitauita ukoo wa sokwe. Nimelichagua kwa sababu mbili: DNA ya wanyama hawa inapatikana bure, na visukuku vyake muhimu vimetoka kwenye miamba ya Rukwa, Baringo na Ziwa Victoria.

## Vitu vya kuandaa

Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inatosha. Kazi ya mwisho inaweza kukesha, kwa hiyo fikiria umeme. BEAST huhifadhi hali yake kwenye faili, na ukiichagulia kuendelea itaanzia ilipoishia. Usiifute faili hiyo.

Programu, zote za bure: MAFFT ya kupangilia mifuatano ya DNA, AliView ya kuitazama, IQ-TREE ya kujenga mti usio na umri, BEAST 2 ya kuupa mti umri (inakuja na BEAUti, LogCombiner na TreeAnnotator), Tracer ya kukagua, na FigTree ya kuchora.

DNA ya mitokondria (viungo vidogo vya seli vyenye DNA yake), jenomu nzima, yaani mfuatano wake wote, kutoka GenBank, hazina ya DNA iliyo mtandaoni.

Daftari la visukuku. Daftari la karatasi linafaa kabisa. Kila kisukuku kipate ukurasa wake: kimetoka tabaka gani la mwamba, tabaka hilo lilipimwaje umri, kosa la kipimo ni kiasi gani, na ni umbo gani la mfupa au jino linalokiweka kwenye tawi ulilokiweka. Kama huwezi kujaza hilo la mwisho, kisukuku hicho hakitumiki.

Kikokotoo na kalamu. Hivi vinatumika kabla ya programu yoyote.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta umri gani

Swali "kundi hili lilianza lini?" lina majibu mawili, na yanaweza kupishana kwa mamilioni ya miaka.

Jibu la kwanza ni umri wa shina: wakati ukoo ulipoachana na jamaa zake wa karibu walio hai. Jibu la pili ni umri wa taji: wakati alipoishi mzazi wa mwisho wa wote walio hai leo ndani ya kundi. Kati ya nyakati hizo mbili kuna viumbe waliokuwa wa ukoo huo lakini hawakuacha kizazi hadi leo. Hao ni wa shina.

Andika sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mfano wetu: *Natafuta umri wa taji la Catarrhini, yaani wakati ukoo wa nyani na ukoo wa sokwe walipoachana.*

Utajua umefanikiwa ukiweza kuweka kidole kwenye mchoro wa mti na kusema "ni kifundo hiki", yaani pale matawi mawili yanapoachana. Ukisita kati ya vifundo viwili, usiendelee.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya mkono kwanza

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Jenomu ya binadamu na ya sokwe mtu zinatofautiana kwa takriban asilimia 1.23 ya herufi zinazolingana. Binadamu na makaka wa Asia, yule Macaca mulatta, wanatofautiana kwa takriban asilimia 6.5. Chukulia kwamba ukoo wa nyani na wa sokwe waliachana miaka milioni 28 iliyopita.

Mabadiliko yamejikusanya kwenye matawi yote mawili tangu siku ya kuachana, kwa hiyo gawa kwa 28 mara mbili:

0.065 ÷ 56 = 0.00116 kwa kila herufi kwa miaka milioni moja.

Sasa tumia kasi hiyo kwa binadamu na sokwe mtu:

0.0123 ÷ (2 × 0.00116) = miaka milioni 5.3.

Linganisha jibu hilo na Orrorin tugenensis, aliyetangazwa baada ya kupatikana mwaka 2000 kwenye vilima vya Tugen, Kenya, mwenye umri wa karibu miaka milioni 6 na anayehesabiwa upande wa binadamu. Mtoto amekuwa mkubwa kuliko siku ambayo wazazi wake waliachana na majirani. Haiwezekani.

Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni dhana kwamba saa ya DNA, yaani kasi ya kukusanya mabadiliko, inakwenda kwa mwendo mmoja kwenye matawi yote. Ukoo wa nyani umekusanya mabadiliko haraka kuliko wetu, na kuna sababu: nyani huzaa wakiwa wadogo, vizazi vinapishana upesi, wakati gorila na binadamu huchelewa. Kasi uliyoipata ni mchanganyiko wa saa ya haraka na saa ya polepole, kisha umeitumia kwenye tawi la polepole peke yake.

Kwa hiyo tayari unajua jambo moja kabla ya kufungua programu: kundi hili linahitaji saa inayoruhusu kila tawi liwe na mwendo wake. Tutairudia kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Chagua visukuku, na uvikatae vingi

Kanuni ni fupi. Kisukuku hutoa umri wa chini tu. Kinasema, "kufikia hapa ukoo huu ulishakuwepo." Hakisemi ulianza lini. Mnyama wa kwanza kabisa wa ukoo wowote karibu hakika hakugeuka jiwe, na kama aligeuka, hakuna aliyemwona.

### Vya kusetia saa (kuifunga kwenye umri unaojulikana)

Rukwapithecus fleaglei. Ametoka tabaka la Nsungwe, bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, na alitangazwa mwaka 2013. Ni taya lenye meno, na umbo la meno hayo linamweka upande wa sokwe. Umri wake ni miaka milioni 25.2, na tabaka lile lina majivu ya volkano, jambo linalofanya umri wake uaminike kuliko wa visukuku vingi vya rika lake. Kama ukoo wa sokwe ulikuwa na mwakilishi Rukwa wakati huo, basi ulishaachana na ukoo wa nyani. Huyu anasetia kifundo tunachokitafuta.

Tabaka hilohilo limetoa Nsungwepithecus gunnelli, aliyeelezwa kuwa wa upande wa nyani. Lakini ni kipande cha taya chenye jino moja. Mwaka 2019 alitangazwa Alophe kutoka Turkana, wa miaka milioni 22 hivi, wa ukoo wa nyani lakini bila matuta mawili ya kukingama ambayo meno ya nyani wote wa leo yanayo. Tangu hapo, kumtambua nyani wa kale kwa jino moja kumekuwa kazi ngumu zaidi. Mimi namwegemea Rukwapithecus.

Ukishamchagua, usiandike 25.2. Chukua ukingo mchanga wa kipimo, kosa likiwa limetolewa. Natumia 24.4, kwa sababu umri wa chini lazima uwe namba ambayo hata mpinzani wako atakubali.

Orrorin tugenensis. Kwa kifundo cha binadamu na sokwe mtu. Mfupa wake wa paja ndio hoja kuu, kwamba alitembea kwa miguu miwili. Natumia ukingo mchanga wa 5.7. Sahelanthropus wa Toros-Menalla, Chad, aliyepatikana mwaka 2001, ana karibu miaka milioni 7, lakini kutembea kwake kwa miguu miwili bado kunabishaniwa vikali. Ukimpenda, fanya uchambuzi wa pili ukiwa naye na uonyeshe yote mawili. Usimfiche ndani ya namba.

### Vya kuweka dari

Umri wa juu ni mgumu, kwa sababu unategemea kutokuwepo. Kule Fayum, Misri, miamba ya miaka milioni 34 hadi 30 hivi imetoa jamaa wengi wa awali, akiwemo Aegyptopithecus, na hakuna hata mmoja wa taji la Catarrhini. Saadanius wa magharibi mwa Saudi Arabia, wa miaka milioni 28 hadi 29, naye ni wa shina. Kwa hiyo dari ya 34 ina mashiko, lakini iwe dari laini: acha nafasi ndogo ya jibu kupita juu yake. Mtu hajachimba Afrika yote.

### Vya kukataa kwenye kifundo unachofikiria

Hapa ndipo wengi huanguka.

Ekembo wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, miaka milioni 18 hivi. Hadi mwaka 2015 aliitwa Proconsul, na fuvu maarufu ni lile alilolipata Mary Leakey mwaka 1948. Ni mzuri, amekamilika kuliko wengi, na anavutia kumtumia. Lakini yuko kwenye shina la ukoo wa sokwe, kabla giboni hawajaachana na wengine. Hawezi kukuambia lolote kuhusu lini orangutani walijitenga. Kwenye kifundo cha nyani na sokwe anakubalika, ila Rukwapithecus ni wa zamani kuliko yeye, hivyo haongezi kitu.

Victoriapithecus wa kisiwa cha Maboko, miaka milioni 15 hivi. Fuvu zuri, kundi la shina tena, safari hii upande wa nyani. Usimtumie kusetia kifundo cha mbega na nyani.

Kenyapithecus na Ramapithecus. Ramapithecus hata jina lake halisimami tena. Mifupa yake imeingizwa ndani ya Sivapithecus, ambaye uso wake unafanana na wa orangutani. Kumweka kwenye mstari wa binadamu kulidanganya wataalamu hadi miaka ya 1970, kwa hiyo usijione mjinga. Ila kosa hilo lina marekebisho yake tayari na huna sababu ya kulirudia. Kenyapithecus naye aliishi kabla gorila hawajaachana nasi.

### Vya kuficha

Weka viwili pembeni, usivipe kompyuta. Sivapithecus wa Siwalik, Pakistan, karibu miaka milioni 12.5, kwa kifundo cha orangutani. Na jino la jamaa wa mbega kutoka vilima vya Tugen, nalo la miaka milioni 12.5, kwa kifundo cha mbega na nyani. Tutavitoa kwenye hatua ya 9 kuikagua saa.

Onyo: usisetie saa kwa umri uliotolewa na uchambuzi wa DNA wa mtu mwingine. Makosa yake yote yataingia kwako, na upana wa mashaka yake utabaki kwake. Jibu lako litaonekana la uhakika kuliko lilivyo.

## Hatua ya 4: Kusanya na usafishe DNA

Tafuta GenBank kwa jina la kisayansi, na uchague rekodi za marejeo, zile zinazoanza na NC. Ya binadamu ni NC_012920, yenye herufi 16,569. Chukua angalau hawa: binadamu, sokwe mtu, bonobo, gorila, orangutani wawili (Pongo pygmaeus na Pongo abelii), giboni (Hylobates lar), nyani (Papio), gelada, makaka, tumbili (Chlorocebus), kima (Cercopithecus) na mbega (Colobus guereza). Kila upande uwe na wawakilishi wa matawi yake makuu, la sivyo taji lako litakuwa nusu taji.

Toa eneo la udhibiti linaloitwa D-loop, toa jeni za RNA, na utoe ND6, ambayo imeandikwa kwenye uzi wa pili na ina tabia zake. Zibaki jeni 12 za protini, kama herufi 10,800 kwa jumla.

Pangilia kila jeni peke yake. Kwenye AliView chagua kupangilia kwa kufuata amino asidi, na uiambie itumie jedwali la mitokondria za wanyama wenye uti wa mgongo. Ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: kwenye jedwali hilo TGA ni tryptofani, wakati AGA na AGG ni vituo, yaani alama za mwisho wa protini. Ukitumia jedwali la kawaida utaona vituo katikati ya jeni na utadhani data imeoza.

Ukiona kituo katikati huku jedwali likiwa sahihi, mshuku mfuatano. Vipande vya mitokondria huwa vinanakiliwa ndani ya kiini cha seli na kuachwa humo vikichakaa, na mara nyingine ndivyo vilivyosomwa maabara kwa bahati mbaya. Tafuta rekodi nyingine ya mnyama huyo.

Mwisho wa jeni kadhaa hauna kituo kamili, ni herufi T au TA tu. Hilo ni kawaida kwa mitokondria. Kata herufi za mwisho ili urefu ugawanyike kwa 3. Angalia pia ATP8 na ATP6, na ND4L na ND4: zinapandana mwishoni, na usipokata utahesabu herufi zilezile mara mbili.

Umefanikiwa kama kila jeni inasomeka kuwa protini kutoka mwanzo hadi mwisho kwa wanyama wote.

## Hatua ya 5: Jenga mti usio na umri

Unganisha jeni zote faili moja, kisha:

`iqtree2 -s katarini.fas -m MFP -B 1000`

Unatafuta mpangilio tu. Binadamu, sokwe mtu na bonobo wawe pamoja, kisha gorila, kisha orangutani, kisha giboni. Upande wa pili, mbega akae peke yake mkabala na nyani, gelada, makaka, tumbili na kima. Uthabiti wa vifundo vikuu uwe 95 au zaidi.

Kama binadamu amekaa na kima, usianze kuandika makala ya kushangaza dunia. Umebadilisha majina ya faili.

## Hatua ya 6: Andaa BEAUti

Ingiza mpangilio ukiwa umegawanywa kwa nafasi za kodoni (herufi tatu zinazosimamia amino asidi moja): ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nafasi ya tatu hubadilika upesi sana, kiasi kwamba kwa matawi ya zamani herufi moja imeshabadilika mara kadhaa na kufuta nyayo zake. Utafanya uchambuzi mmoja ukiwa nayo na mmoja bila.

Kwenye ukurasa wa Partitions, chagua sehemu zote na bofya Link Trees na Link Clock Models. Ukisahau, programu itajenga mti tofauti kwa kila sehemu, na kila mti utakuwa na umri wake. Hili ndilo kosa la pili kwa wingi ninaloliona.

Muundo wa mabadiliko: GTR yenye Gamma ya makundi 4. Saa: ile iliyolegezwa ya Log Normal, kwa sababu ya hatua ya 2. Kwa mti, Birth Death au Yule. Kwa wastani wa kasi ya saa, usiuache na mgawanyo usio na mwisho. Weka Exponential yenye wastani 0.05. Kipimo chetu ni miaka milioni, na DNA ya mitokondria hubadilika kwa kiwango cha karibu 0.01 kwa kila herufi, hivyo mgawanyo huo unaacha nafasi ya kutosha.

Sasa visukuku. Kwenye Priors ongeza MRCA prior mbili (masharti ya umri wa mzazi wa mwisho wa kundi), zote za Log Normal, alama ya Mean In Real Space ikiwa imeondolewa:

Catarrhini wote: Offset 24.4, M 1.25, S 0.5. Hii inaweka sakafu 24.4, katikati karibu 27.9, na asilimia 97.5 ya uzito chini ya 33.7.

Binadamu, sokwe mtu na bonobo: Offset 5.7, M 0.5, S 0.5. Sakafu 5.7, katikati 7.3, na asilimia 97.5 chini ya 10.1.

Zithibitishe namba hizo kwenye mchoro wa pembeni kabla hujaendelea. Ukiiacha alama ya Mean In Real Space ikiwa imewekwa, M ileile inakuwa na maana nyingine na dari yako inahama kimyakimya.

## Hatua ya 7: Endesha bila DNA

Kwenye ukurasa wa MCMC weka alama kwenye Sample From Prior, endesha, na fungua matokeo kwenye Tracer.

Sababu: visukuku viwili na kanuni ya mti vinaingiliana. Ulichoandika kwenye BEAUti si lazima kiwe ndicho kompyuta inachokiamini vikichanganywa. Katikati ya Catarrhini ikikaa jirani na 28, mambo ni sawa. Ikiwa imesukumwa hadi 32, vipimo vyako vinagombana, na ni nafuu kujua sasa kuliko baada ya usiku mzima.

Hifadhi faili hii. Utaihitaji.

## Hatua ya 8: Endesha kweli

Toa alama ya Sample From Prior. Weka mnyororo wa hatua milioni 50, na uendeshe mara mbili, kila mara kwa namba tofauti ya mwanzo.

Kwenye Tracer tupa asilimia 10 ya mwanzo, kisha angalia safu ya ESS, yaani idadi ya sampuli zilizo huru kweli. Kila namba muhimu izidi 200. Mchoro wa mnyororo uwe na msukosuko wa usawa kutoka kushoto hadi kulia, bila kupanda wala kushuka. Halafu linganisha mara zote mbili: zikiwa zimefika mahali tofauti, hakuna hata moja ya kuaminiwa, hata kama ESS ni nzuri. Ongeza urefu.

Unganisha kwa LogCombiner, tengeneza mti mmoja kwa TreeAnnotator ukichagua Maximum Clade Credibility, na uufungue FigTree. Mistari minene kwenye vifundo ndiyo kipindi cha asilimia 95.

## Hatua ya 9: Ikague saa kwa visukuku ulivyovificha

Soma umri wa kifundo cha orangutani dhidi ya gorila na wenzake. Lazima kiwe cha zamani kuliko Sivapithecus, yaani zaidi ya milioni 12.5. Ukipata kati ya 14 na 19, uko pazuri. Kikiwa 11, saa yako imekosea. Rudi hatua ya 3.

Fanya vivyo hivyo kwa mbega na nyani dhidi ya jino la Tugen. Hapa majibu ya mitokondria hukaa mbali juu ya 12.5, na hilo si tatizo. Pengo la miaka milioni kadhaa kati ya kuachana na kisukuku cha kwanza ni jambo la kutarajiwa, hasa kwa wanyama wa msituni ambako udongo hula mifupa. Tatizo ni pale kisukuku kinapoutangulia mwachano.

Kisha fungua ile faili ya hatua ya 7 na uiweke juu ya matokeo ya kweli. Kama mikunjo miwili ya Catarrhini inalala sawasawa, DNA haikusema kitu: umerudishiwa imani yako mwenyewe. Hilo liandike waziwazi kwenye ripoti. Ninaloliangalia kwa makini zaidi ni gorila, kwa sababu kifundo hicho hakikusetiwa moja kwa moja, na jibu lake linatoka kwenye DNA zaidi kuliko kwako.

Mwisho, linganisha uchambuzi wenye nafasi ya tatu na usio nayo. Vipindi vikipishana kwa sehemu kubwa, endelea. Visipogusana kabisa, amini ule usio na nafasi ya tatu na useme kwa nini.

## Hatua ya 10: Andika jibu bila kulikuza

Usiandike "waliachana miaka milioni 28.4 iliyopita." Andika katikati, kipindi cha asilimia 95, visukuku vilivyotumika na kila kimoja kwenye kifundo gani. Desimali zaidi ya moja ni mapambo.

Andika pia kwamba ulichopima ni umri wa kuachana kwa *mitokondria*. Jeni huanza kutofautiana ndani ya jamii moja kabla jamii hiyo haijagawanyika, kwa hiyo umri wa jeni kwa kawaida hutangulia umri wa spishi. Kwa kifundo cha miaka milioni 28 tofauti hiyo humezwa na upana wa kipindi. Kwa binadamu na sokwe mtu haimezwi.

Mara nyingine jeni hufanya kinyume na hudanganya kabisa. Kipunji wa Tanzania, aliyetangazwa mwaka 2005, anaishi mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Ukichukua mitokondria ya kipunji wa Rungwe na kuipitisha kwenye hatua hizi zote, itakaa katikati ya nyani, na jibu litasema spishi hii ni changa mno. Kilichotokea ni kwamba zamani nyani na kipunji walizaliana, na mitokondria ya nyani ikabaki kwenye kundi la Rungwe. Wale wa Ndundulu hawana alama hiyo.

Kwa hiyo kama kundi lako lina spishi zinazojulikana kuzaliana, kama nyani wenyewe wanavyofanya kila mipaka yao inapokutana, chukua jeni za kiini cha seli kutoka kromosomu tofauti na urudie kuanzia hatua ya 4. Visukuku na namba zake havibadiliki. Daftari lako litatumika lilivyo.